Kajulu Kabla ya Ploti

Zamani hizo mji wa Kisumu ulikuwa na mwisho, na mwisho wenyewe tuliujua kwa miguu. Ukitoka Kondele ukashika barabara ya Kakamega, maduka yalipungua, honi za matatu zikabaki nyuma, ukafika Mamboleo. Pale njia ziligawanyika. Moja ilipanda kwenda Kiboswa na Kakamega. Nyingine ilipinda kulia kuelekea Miwani na Chemelil; kushoto kwake kuna vilima vyenye majabali makubwa kuliko nyumba, kulia tambarare ya Kano inateremka polepole mpaka ziwani. Hiyo ya kulia ndiyo iliyotupeleka nyumbani, Kajulu.

Nasimulia miaka ya mwisho ya 1970 na yote ya 1980. Usiku ulikuwa mweusi kabisa, na sauti zilisafiri mbali. Tulisikia treni ikivuta pumzi kutoka Miwani hadi stesheni ya Kibos, halafu ikimalizia safari yake Kisumu, mahali ambapo reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901. Tulisikia mto Kibos ukiunguruma baada ya mvua ya Nandi. Juu ya majabali, sisi watoto tulikaa jioni tukautazama mji ukiwasha taa zake mstari kwa mstari, na nyuma ya taa hizo ziwa likawa kama bati jipya.

Kwenye karatasi, sisi tulikuwa watu wa mjini tayari. Mwaka 1972 mipaka ya manispaa ilisogezwa, ikakumbatia Kajulu, Kolwa, Kanyakwar, Kogony na Korando, pamoja na sehemu kubwa ya maji ya ghuba ya ziwa. Sensa ya 1969 ilikuwa imehesabu watu elfu 32 na kidogo mjini Kisumu. Ile ya 1979 ikahesabu zaidi ya 150,000. Ni kweli watu wengi walihamia mjini miaka hiyo, lakini sehemu kubwa ya ongezeko lile haikuhama kokote. Tulihesabiwa palepale tulipokuwa, jembe mkononi, ng'ombe wakilia zizini.

Boma letu lilikuwa na mpangilio ambao mtoto aliujua kabla ya kujua kuhesabu. Dani, bibi yetu mzaa baba, alikuwa mikayi, mke wa kwanza, kwa hiyo nyumba yake ililitazama lango moja kwa moja. Nyumba ya mke wa pili ilikuwa upande wake wa kulia. Simba za wavulana, vile vibanda vya vijana ambao hawajaoa, zilikuwa karibu na lango, na kati yao na nyumba za kina mama palikuwa na uwanja uliofagiliwa kila alfajiri. Ua wetu ulikuwa wa ojuok, mnyaa wenye utomvu mweupe tulioonywa usituingie machoni. Maghala mawili ya mtama yalisimama juu ya mawe. Kaburi la babu lilikuwa mkono wa kulia wa nyumba ya Dani, na watoto tulilizunguka tukicheza, hatukulikanyaga.

Mvua za Machi zilipokaribia, hakuna aliyetupa mbegu ardhini kabla ya Dani. Akishapanda yeye, walifuata baba na ndugu zake kwa kufuatana walivyozaliwa. Desturi hii ilibeba heshima, na ndani ya heshima ilibeba ratiba ya kazi: mikono yote ilianza shamba la mkubwa, ikahamia la anayemfuata, mpaka mdogo kabisa naye akapata msaada wa wote. Tulipanda mtama, mahindi, maharage na mihogo. Karibu na mto palikuwa na miwa, na mingine ilikatwa kabla ya wakati na meno yetu sisi watoto. Alasiri za msimu wa mvua mawingu yalijikusanya juu ya Nandi, upepo ukageuka, radi ikapiga, mvua ya mawe ikashuka kwa kishindo juu ya bati la darasa hata mwalimu akaacha kufundisha mpaka ipite.

Mwaka 1984 mvua ilikataa. Taifa zima likala mahindi ya manjano yaliyoletwa kwa meli. Ndugu zetu waliokuwa wamepanga nyumba mjini, Manyatta na Nyalenda, walipanda kuja Kajulu siku za mapumziko, wakarudi mjini na magunia ya mihogo mabegani. Mihogo ya Dani ilikuwa imekaa ardhini zaidi ya mwaka ikingoja shida ya namna hiyo. Sijaona tena akiba iliyotunzwa kwa akili kama ile.

Dani alikuwa Msabato. Jumamosi alikwenda kanisani, mkono wake haukugusa kazi. Jumapili, siku ya soko kubwa la Kibuye, aliamka kabla ya jogoo. Jioni ya kuamkia safari hiyo tulichuma mboga za osuga, apoth na dek, tukazifunga mafungu kwa nyuzi za mgomba na kuzinyunyizia maji. Wanawake wa Kajulu walishuka barabarani kwa safu, vikapu vichwani, wakiongea habari za ndoa na magonjwa ya kuku, na alfajiri ilipopasua walikuwa wamefika Mamboleo. Nilipokua kidogo niliruhusiwa kufuatana nao kubeba mayai. Dani alisema, "Tembea kama unayebeba mtoto wa mwenzio."

Jioni walirudi na chumvi, mafuta ya taa, sabuni ya mche, na mgongo wazi. Wageni hawakijui chakula hicho. Samaki mbuta alipoongezeka ziwani miaka ya 1980, viwanda vilianza kumchuna minofu na kuisafirisha Ulaya; sisi wa ukingoni tukauziwa kilichobaki, mifupa yenye kichwa na mkia, iliyokaangwa kwa mafuta mengi pale Obunga. Dani aliichemsha kwa nyanya na kitunguu hata mchuzi ukawa mzito, na tuliila kwa furaha. Lakini wazee walimkumbuka samaki aitwaye ngege, na kila walipouona mgongo wazi walitaja ukubwa wa ngege wa zamani kwa kupima kwa mikono.

Mboga zilikuwa sehemu ndogo ya tulichoipa Kisumu. Maziwa yalishuka kila asubuhi kwa baiskeli. Mchanga wa kujengea nyumba za Migosi na Lolwe ulichotwa mitoni mwetu. Kina mama walikaa kando ya barabara wakiponda mawe kwa nyundo, kokoto zikarundikwa zikingoja lori. Matofali yalichomwa kwa kuni za miti yetu. Hata maji ya kunywa ya mji, kwa sehemu, yalitoka kwetu: mto Kibos ulichukuliwa pale unapoachana na milima, maji yakashuka kwenye mabomba kwa uzito wake mwenyewe. Mabomba hayo yalipita karibu na vijiji ambavyo wasichana wake walikuwa bado wakichota mtoni kwa mitungi. Kila nilipokutana na maelezo ya mji kuulisha ukingo wake, nilirudi kwenye picha ya lile bomba, na nikajua nani alimlisha nani.

Kisha zikaja ploti.

Hazikuja kwa tingatinga wala askari. Mahali pengine pembezoni mwa Kisumu serikali ilitwaa ardhi kwa amri: Kanyakwar kwa ajili ya upanuzi wa mji, na upande wa Kogony na Usoma kwa ajili ya uwanja wa ndege. Huko wenyeji waliondoka wakiwa na vilio na kesi zao. Kajulu hali ilikuwa tofauti. Sisi tuliuza wenyewe, kipande kwa kipande, kila familia na siri yake, na kila mauzo yakiwa na sababu ambayo hakuna mwenye moyo angeweza kuilaumu.

Viwanda vya mjini vilianza kufunga milango, na wanaume waliozoea mshahara wa mwezi wakarudi mashambani wakiwa na miaka 45, mkono umesahau jembe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianzisha utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za elimu na matibabu, na karo ya sekondari ikawa mlima. Halafu ukaja UKIMWI. Hakuna mkoa ulioumizwa zaidi na ugonjwa huo kuliko Nyanza. Katika miaka ya 1990 tulizika vijana kwa mfululizo uliofanya mafundi wa majeneza wahamie kando ya barabara kuu. Kwanza waliuzwa ng'ombe, kisha baiskeli, kisha miti ya siala, na ugonjwa ulipokuwa bado unadai, iliuzwa ardhi. Wajane na mabibi walibaki na wajukuu wa kuwasomesha, na wajukuu nao walihitaji viatu, vitabu na karo. Ardhi ndiyo iliyokuwa imebaki kuuzwa.

Kipimo kilikuwa kimoja kwa wote: futi 50 kwa 100. Ekari moja ilitoa ploti nane na njia ya kupita. Watu ambao tangu enzi walielezana mashamba kwa kutaja mwamba, mti wa ng'owo au mahali mto unapokunja, walianza kutaja namba. Madalali walikaa chini ya mwembe wa Mamboleo na mikoba ya ngozi. Kwa sheria ya 1967 ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, kwa hiyo familia zilisimama mbele ya bodi, mume, mke na watoto wakubwa, wakaulizwa kama wote wamekubali. Niliona mama mmoja akijibu "ndiyo" huku akimtazama mwanawe aliyekuwa na barua ya kujiunga na kidato cha kwanza mfukoni.

Baba aliuza mara ya kwanza upande wa mto. Soroveya alikuja kijana, kofia kichwani, akiwa na wasaidizi wa kubeba kamba na bikoni za saruji za mpaka. Dani alitoka na kiti chake cha miguu mitatu, akakaa, akawatazama wakivuta kamba kupita penye majani marefu. Kamba ilipokazwa, aliinuka.

"Mwanangu, kamba yako imepita juu ya mtu."

Palikuwa na kaburi la mtoto, shangazi yetu aliyekufa akiwa mdogo kabla baba hajazaliwa. Halikuwa na saruji wala msalaba, ila mawe matatu yaliyozama ardhini. Soroveya akaeleza kwa adabu, "Dani, mstari umetoka kwenye ramani."

"Ramani haikumzika," Dani akasema. "Mimi nilimzika."

Kijana alivua kofia. Alizungumza na mnunuzi kando, kisha akarudi, akasogeza bikoni hatua kadhaa, na mpaka ule umepinda hadi leo. Mnunuzi alipoteza kipande chake bila kudai kurudishiwa hata shilingi. Nimewaheshimu watu hao wawili maisha yangu yote.

Anayeona ni jambo dogo akumbuke mwaka 1987, nchi nzima ilipokaa redioni kufuatilia kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, mpaka Mahakama ya Rufani ikaamua azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Wazee wa Kajulu walijadili kesi ile kila jioni. Kwetu, mahali ulipozikwa ndipo panaposema ulikuwa nani. Kuuza shamba lenye makaburi kulikuwa kuwaomba wafu wavumilie kwa ajili ya walio hai, na Dani alitaka ombi hilo lifanywe waziwazi, kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Pesa za upande wa mto zilinipeleka sekondari. Ploti nyingine ilimpeleka dada yangu chuo cha ualimu. Nikihesabu ndugu na binamu wa rika langu walio walimu, wauguzi, mafundi umeme na madereva, naona nyuma ya kila mmoja kipande cha ardhi chenye jina: pale palipokuwa na mtama mwekundu, pale ng'ombe waliponyweshwa, pale babu alipokata siala za nyumba yake ya kwanza. Kijiji chetu hakikupotea. Kiligeuka karo. Na karo ile ililipwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Waliojenga juu ya ploti zetu walikuja na uhai wao pia, nami sitaki kuwaita wavamizi. Walikuwa walimu kutoka Vihiga, wauguzi kutoka Kisii, wafanyabiashara kutoka Siaya na Busia, na baada ya machafuko ya 2007 na 2008, watu waliokuwa wamepoteza makazi sehemu nyingine za nchi. Walijenga vyumba kwa safu, chumba kimoja kimoja, bomba moja uani. Kiswahili kilikuja nao. Kilikuwa kikisikika tangu zamani Kibos kwa Wanubi, lakini kwetu kilikuwa lugha ya shule na polisi. Dani, akiwa amepita miaka 70, alijifunza Kiswahili kwa wapangaji, akawapangia zamu za kufagia uwanja, akawazalisha wawili kati yao usiku ambao gari halikupatikana. Watoto wao walimwita Dani kama sisi.

Mji nao ulileta vyake. Kisumu ilitangazwa jiji mwaka 2001, ikisherehekea karne moja tangu reli ifike. Serikali ya kaunti ilipoanza kazi mwaka 2013, ofisi na wafanyakazi wapya walitafuta makazi, na bei ya ploti ikapanda mbio. Barabara ziliwekwa lami, umeme ukaingia nyumba ambazo zilijua koroboi tu, na msichana anayetoka masomo ya jioni leo anarudi kwenye mwanga. Mamboleo, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo ambako tulipelekwa na shule kutazama ng'ombe wa gredi na mahindi ya kupigiwa mfano, umejengwa uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta, na tarehe 1 Juni 2021 taifa likaadhimisha Madaraka pale. Nilifurahi. Nilifurahi kwa dhati kuona nchi imekuja mpaka mlangoni kwetu.

Lakini kuna vilivyopotea ambavyo havikuwa vya kuuzwa, kwa sababu havikuwa vya mtu mmoja. Njia ya kwenda mtoni ilizibwa na ukuta, kila mwenye ploti akiwa na haki juu ya hati yake, na hakuna hati iliyokuwa na jina la njia. Malisho ya pamoja yaliisha. Visima vya kina kifupi vilichimbwa hatua chache kutoka vyoo vya shimo. Mvua iliyokuwa ikinywewa na mashamba sasa inaanguka juu ya mabati na sakafu, inakimbilia mto Auji na mitaro ya Nyamasaria, na wanaozama ni watu wa Manyatta na Nyalenda walioko chini. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda kufikia kimo kisichoonekana tangu 1964, maji yalikutana: ya juu yakishuka kwa kasi, ya chini yakikataa kurudi, na familia za Dunga na Nyalenda katikati.

Nimesoma juu ya vijiji vya China vilivyozingirwa na miji. Shenzhen ilipofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, ilikuwa nchi ya mashamba na wavuvi. Ardhi ya kulima kule ilikuwa mali ya jumuiya ya kijiji. Serikali ilipoitwaa, wanakijiji walibaki na viwanja vya nyumba zao, wakajenga ghorofa za kupangisha zilizobanana hata majirani wakaweza kushikana mikono dirishani, na vijiji vingi viliunda kampuni za pamoja na kugawana mapato. Maumivu yalikuwepo, na ghorofa nyingi zimebomolewa baadaye. Hata hivyo walikutana na mji wakiwa kijiji. Kajulu tulikutana nao mmoja mmoja, kila baba na dalali wake, na hilo ndilo lililotugharimu njia, malisho na kingo za mto. Desturi ya kupanda kwa zamu ilituunganisha shambani, lakini hatukuwa na desturi yoyote ya kuuza kwa pamoja, kwa kuwa wazee wetu hawakuwahi kuwaza kwamba ardhi ingeuzwa.

Dani alifariki akiwa mzee sana, akazikwa karibu na babu. Baada ya matanga, jaduong', mzee wa ukoo, alitukalisha chini tuliobaki. Tuliamua kipande kilichosalia kisikatwe tena. Tulijenga vyumba vya kupangisha upande wa barabara, tukaacha uwanja, makaburi na mwembe wetu mahali pake, na dada zetu wakapata sehemu zao sawa na sisi wavulana, kama Katiba ya 2010 inavyotaka na kama haki inavyotaka tangu zamani. Familia jirani tatu zilifanya vivyo hivyo. Tuliwaendea pia wenye ploti za upande wa chini, tukaomba mita chache za njia ya kufika mtoni. Wawili wamekubali.

Maeneo kama Kajulu bado yapo kuzunguka Kisumu: Chiga, Korando, Kisian, vijiji vya njia ya Ahero. Mpimaji atafika huko pia, na karo itadaiwa, na nani atamlaumu mzazi atakayeuza? Ombi langu kwa wazee wa huko ni kwamba kabla ya bikoni ya kwanza wakae pamoja na kutaja kwa majina vile visivyouzwa: kingo za mto, njia za maji, njia za miguu, makaburi. Vitu hivyo viandikwe kwenye ramani mapema, vipewe namba na hati kama ploti nyingine yoyote, kwa jina la wote.

Kwa jiji nina dai moja. Historia ya Kisumu husimuliwa kuanzia reli, bandari na viwanda, na miaka yake huhesabiwa kutoka 1901. Iongezwe sura ya wanawake waliotembea na mboga alfajiri, ya maji yaliyoshuka kutoka mto Kibos, na ya familia zilizobadilisha mashamba kuwa walimu na wauguzi wanaolihudumia jiji hili hivi sasa. Hao ndio waanzilishi wake pia, na barabara mbili tatu za Kisumu zingependeza sana zikiitwa kwa majina ya vijiji vyao.